Chai ya Ernest Haizami

Cragley, timu ya raga ya mji wa jina hilo, walikuwa wamepigwa kila mechi tangu msimu uanze, na si kupigwa kwa heshima. Walipigwa mpaka bwana anayebadilisha ubao wa matokeo, mshabiki wao wa damu, akaomba likizo. Ndiyo maana jioni ile ukumbi wa klabu ulijaa kuliko uwanja wenyewe. Watu hawakufuata raga. Walifuata kumwona mwenyekiti akikaangwa.

Mwenyekiti ndiye Russell Hepworth, muuza mabomba, mtu wa mraba ambaye shingo yake ilipotelea uwanjani enzi akicheza mstari wa mbele, na haijaonekana hadi leo. Alisimama mbele ya watu, pai na njegere za kupondwa zikimpoa mezani, akaanza kueleza hali ya timu. Alisema habari za majeruhi. Alisema habari za subira. Alisema kuna jitu linakuja kutoka Papua, likikukumbatia unasahau jina la mama yako.

"Likija litatukuta tumeshuka daraja!" akapaza sauti Dougie Sykes, kinyozi, ambaye hajawahi kumaliza mkutano akiwa amekaa. "Mwenyekiti, mlinzi wetu wa kushoto hata kivuli chake hawezi kukikaba!"

Ukumbi ukacheka. Russell naye akacheka, kwa mdomo tu. Laiti wangemtukana jioni nzima kuhusu mlinzi wa kushoto! Lililomkaa kooni lilikuwa jingine, na katika hotuba yake halikuwamo.

Pale Cragley mshabiki wa kweli hafi akaondoka. Mwili wake ukishachomwa, majivu yake humwagwa chini ya milingoti ya goli upande wa reli, apate kuwalaumu waamuzi kwa karibu. Ernest Barraclough, mtunza jezi wa miaka na miaka, alikuwa pale. Russell mwenyewe ndiye aliyemmwaga. Upepo ukageuka, nusu ya Ernest ikaishia kwenye suruali ya Russell, na mwezi mzima Russell akaogopa kuifua.

Tangu hapo mjane wa Ernest, Bi Maureen, hakukosa mechi ya nyumbani. Kabla ya kipenga huteremka na chupa yake ya chai na vikombe viwili. Kimoja hunywa. Cha pili, sukari vijiko viwili, hukimwaga chini ya mlingoti wa kushoto, kisha hurudi kwenye kiti chake kutukana.

Basi majira ya baridi yaliyopita, matope yalipozidi na mechi kuahirishwa ovyo, Russell akaamua uwanja uchimbwe na kuwekwa nyasi bandia. Uamuzi mzuri, kila mtu alisema. Dereva wa lori akamuuliza, "Udongo huu tuupeleke wapi, bosi?" Russell alikuwa na soseji mdomoni. "Popote," akasema, "ilimradi nisiuone."

Je, alimsahau Ernest? Hapana, alimkumbuka kama mtu anavyoukumbuka mwavuli: basi likishaondoka.

Na hiyo "popote" ikawa Hebbleton! Mji wa ng'ambo ya kilima, ambao akina mama wa Cragley huutumia kutishia watoto wasiolala. Russell alijua siku mwenyekiti wa klabu ya Hebbleton alipomshukuru, akimpiga mgongoni: "Udongo wenu mtamu, ndugu yangu! Tumeinulia goli letu lililokuwa likifurika. Nyasi zimeota kama ndevu!" Tangu siku hiyo pai haimshuki Russell, na kwa mtu wa Cragley huo ni ugonjwa.

"Nina swali, mwanangu," ikasema sauti kutoka meza ya mbele.

Alikuwa Bi Maureen, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Hata Dougie alikaa.

"Chai yangu haizami," akasema. "Tangu mweke hilo zulia lenu, naimwaga inasimama tu, inanitazama. Ernest anaipata kweli?"

Watu wakacheka kwa mapenzi. Russell akahisi jasho likishuka mahali shingo ilipopaswa kuwa.

"Anaipata, mama. Yuko palepale. Tumemfunika tu, asipate baridi."

Uongo ulitoka laini, kama mpira uliopakwa sabuni. Bi Maureen akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililomuua.

"Afadhali. Maana daktari kanambia nisinunue makoti mapya, sitafika kuyachakaza. Nimeshawaambia watoto: mlingoti wa kushoto, ubavuni kwa baba yenu. Nilikuwa naogopa nisije nikawekwa pale peke yangu."

Russell akakishika kiti. Angeweza kunyamaza. Mama angemwagwa juu ya plastiki, wote wangelia, yeye angetoa hotuba nzuri, na hakuna ambaye angejua.

"Hayupo," akasema.

"Nani hayupo?"

"Ernest. Wote. Udongo uliondoka na malori, mama. Uko Hebbleton, chini ya goli lao. Sikuuliza unakwenda wapi. Nilisema popote."

Mtu akaangusha uma. Dougie akasimama taratibu. "Ernest yuko *Hebbleton*?" akasema. "Mzee yule alikataa kuoa huko! Hata treni ikipita huko alikuwa anafumba macho!"

Hakuna aliyecheka. Russell alingoja matusi, alingoja hata pai ya uso. Angeshukuru. Lakini Bi Maureen alifunga kizibo cha chupa yake, akauliza jambo moja tu.

"Goli la upande gani?"

"La upande wa kanisa, mama."

"Haya." Akavaa glavu, akatoka.

Mechi ya watani ilichezwa Hebbleton wiki chache baadaye. Russell, akiwa jukwaa la wageni, alimwona Bi Maureen kabla ya kipenga: skafu nyekundu ya Cragley peke yake katikati ya bahari ya bluu. Alikuwa amekata tiketi ya msimu mzima ya Hebbleton. Mtunza uwanja wao alimfungulia kigeti, akavua kofia, akamshika mkono hadi milingotini. Bi Maureen akamimina. Chai ikazama mara moja.

Kipindi cha kwanza kikiyoyoma, mlinzi wa kushoto, yuleyule asiyeweza kukaba kivuli chake, akaponyoka na kufunga, akiugandamiza mpira chini palepale, goli la upande wa kanisa. Cragley wakaruka, Dougie akambusu mtu asiyemjua. Russell hakuinuka.

Mapumziko yalipofika alizunguka uwanja mzima hadi kwake.

"Bi Maureen, rudi nyumbani. Tutauchota. Nitauchota mwenyewe kwa koleo."

"Utachota upi, mwanangu? Wameshauchanganya na wao." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Cragley nitaishangilia mpaka nife. Ila nitaishangilia nikiwa hapa. Na watoto nimeshawaambia upya."

Akafungua chupa, akajaza vikombe viwili. Kimoja akanywa. Kingine akakishika mkononi, akingoja kigeti kifunguliwe, na Russell hakukinyooshea mkono, kwani kikombe kile kilikuwa na mwenyewe.