Shimo la Nne la Mkanda

Ruguru alijua kubeba. Hilo hata adui zake pale Kibugu, nao walikuwa wawili tu na mmoja ni shemeji yake, hawakulipinga. Kwa miaka thelathini na mitatu alibeba kikapu cha majani chai mgongoni kutoka shambani hadi senta ya kuuzia, mkanda ameulegeza ili kikapu kikae chini kiunoni. Kwa hiyo siku alipoitoa kwenye sanduku kodiani ya marehemu mumewe, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, aliivaa vivyo hivyo, mbele badala ya nyuma, ikamning'inia tumboni kama mtoto aliyekataa kushuka.

Muchangi alikuwa na miezi kumi na minne kaburini. Enzi zake alikuwa mtu mrefu wa kifua kipana, na mikanda ya kodiani ilikuwa bado kwenye shimo alilolitumia yeye, shimo lililopanuka kwa kazi. Ruguru hakuligusa. Aliona kwamba kuihamisha ile bizimu ni sawa na kumhamisha mwenyewe.

Alichokitaka kilikuwa kitu kimoja, nacho kilikuwa kinamtoroka. Kila jioni aliporudi kutoka senta, Muchangi alikuwa akimpigia wimbo mmoja usio na maneno, kisha anafunga kodiani na kusema, "Haya, karibu nyumbani." Basi. Harusini hakuupiga, kanisani hakuupiga. Mwanawe Mutegi, anayefanya kazi ofisini mjini Meru, aliipekua simu yake yote akapata video ya harusi moja tu, na humo baba yake amefunikwa na vigelegele vya akina shangazi. Wimbo wa jioni haukuwa popote duniani isipokuwa kichwani mwa Ruguru, na kichwa chenyewe kilikuwa kimeanza kuvuja. Januari aliukumbuka wote. Kufikia Mei ilibidi ausake, amesimama jikoni na mwiko mkononi, sufuria ikiungua.

Basi akaamua kuupiga kabla haujaisha. Mwalimu hakuwa naye, ila vidole vya Muchangi alikuwa amevitazama miaka mingi, na baada ya wiki tatu sehemu ya kwanza ikamjia. Ya pili ilimkataa. Pale wimbo unapogeuka haraka, vuta, sukuma, vuta, kodiani nzima iliyumba kwanza tumboni, ndipo mvukuto ukafuata, na sauti ikaja imechelewa. Bega la kushoto liliwaka moto, vidole vikafa ganzi. Aliketi kwenye kochi amezama, nyumba imenyamaza hata akasikia bomba la nje likidondoka. Upweke ulimuuma kuliko bega, wala hakuona haya kulisema, ila hakukuwa na wa kumwambia.

Mwishowe alimkumbuka Mbaka. Huyu ndiye aliyekuwa akigonga karing'aring'a, ile pete ya chuma inayoenda na kodiani, kando ya Muchangi katika harusi za miaka ishirini. Sasa alikuwa amehamia Kiambere kwa binti yake, akitafuta joto la kumponya magoti. Kama kuna mtu aliyeijua sehemu ya pili, ni yeye. Ruguru aliifunga kodiani kwa leso, akaibeba mgongoni, akateremka Kiambere.

Baada ya salamu, na uji, na habari za magoti ambazo hazikuwa fupi, alimpigia sehemu ya kwanza. Mbaka alisikiliza kichwa amekiinamisha.

"Hiyo siijui, Mama Mutegi," alisema. "Nimekaa na yeye hiyo miaka yote, na hiyo hajawahi nipigia."

Ruguru alikuwa amefuata nusu ya wimbo, kumbe amefuata kuambiwa kwamba hakuna mwingine aliye nayo. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ile leso. Mzee alimwacha alie mpaka akatosheka. Macho yake hayakuwa kwa Ruguru, yalikuwa kwenye kodiani.

"Na ni nani alikuambia hiyo kitu hubebwa kama kikapu ya majani?" aliuliza.

Hapo akawa mkali kidogo. Alimtoa kwenye kiti cha mikono, akaagiza stuli ngumu, akamketisha ukingoni, nyayo zote mbili chini. Kodiani ipande hadi kifuani, alisema, ikae juu ya paja la kushoto, na mvukuto ufungukie juu ya paja hilo hilo ili lisaidie. Mkanda wa kulia uwe mfupi kidogo kuliko wa kushoto, upande wa vitufe usikimbie. Ule mdogo wa mkono wa kushoto ukishike kiganja, lakini vidole vipumue. Mabega yashuke. Mikono ni ya kupiga. Ukiifanya ya kubeba, utapiga na nini? Kisha akanyoosha mkono kuelekea bizimu, na Ruguru akauzuia.

"Hapo usiguse. Hiyo shimo ni yake."

"Na hii je?"

Kidole gumba cha Mbaka kilikuwa juu kabisa ya mkanda, kwenye shimo la nne. Yale matatu yalizungushiwa pete za shaba. Hili lilitobolewa kwa mkono, mkanda wa kushoto na wa kulia pia, la kulia likiwa limepanda zaidi kwa upana wa kidole. Ruguru alikuwa ameyaona siku ya kwanza, akawalaumu mende.

"Hii nilishika mkanda mimi mwenyewe, fundi wa viatu akitoboa," alisema Mbaka. "Mzee wako alikuja na sweta yako ya kanisa, ile ya kijani, tukapima nayo mabega. Akasema, hii ni ya Mama Mutegi, siku ataniuliza nimfundishe."

Sweta ya kijani. Ruguru aliikumbuka vizuri mno Jumapili ile, miaka sita nyuma, alipoikosa akaenda kanisani akitetemeka kwa baridi. Jumatatu sweta ilirudi ikinuka gundi ya viatu, naye akamsema Muchangi mpaka chakula kikapoa. Muchangi hakujitetea. Alikuwa akingoja kuulizwa, na Ruguru miaka hiyo yote alikuwa akingoja kuitwa, kwa sababu mwanamke wa Kibugu hajiombei kodiani. Kuuliza si ujinga, watoto hufundishwa hivyo shuleni. Na hapa watu wazima wawili walilala kitanda kimoja wasiulizane.

Aliihamisha bizimu mwenyewe. Ngozi ilikuwa ngumu, haijawahi kupitishwa kitu.

Kesho yake, amesharudi Kibugu, saa ile ya kutoka senta, aliketi kwenye stuli ya jikoni, nyayo chini. Mikanda ilimkaa sawasawa mabegani. Vuta, sukuma, vuta. Mvukuto ukageuka papo hapo, sehemu ya pili ikaja, vidole vikaikumbuka hata pale kichwa kilipokwama, na wimbo ukafika mwisho. Kumbe ulikuwa mfupi sana. Aliifunga kodiani, na kwa mazoea ya miaka thelathini na mitatu akangoja neno linalofuata.

Bega halikumuuma hata kidogo. Alingoja mpaka maji aliyoyabandika mekoni yakachemka.

"Haya," alisema mwenyewe, "karibu nyumbani," kisha akainuka kuweka majani ya chai ya kikombe kimoja.