Karata Isiyo na Mgongo

Tangu asubuhi mguu wa kulia wa Dereva ulikuwa unakanyaga mafuta chini ya meza, na wala hapakuwa na gari. Mwaka wa pili huo hajashika usukani. Kampuni iliuza malori, ikamweka stoo ya vipuri awe anapokea karatasi kwenye kidirisha na kutoa filta na boliti. Lori lilikwenda, jina likabaki. Dada yake alimwita Dereva, majirani walimwita Dereva, na yeye mwenyewe akijisema kichwani alijiita hivyo hivyo.

Alikuwa anaishi chumba cha nyuma kwa huyo dada yake mkubwa, na aliyekaa mbele yake sasa, mezani, kwenye fainali ya mashindano ya karata, ya michezo mitatu, alikuwa mume wa dada. Fundi rangi. Mtu mwenye madoa meupe kwenye nyusi hata siku ya sikukuu, anayejua kucheka mpaka meza itikisike. Yeye ndiye aliyemfundisha Dereva huu mchezo wa karata za kukusanya, jioni moja alipochoka kumwona shemeji yake akizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mshindi mmoja tu ndiye angepelekwa kwenye mashindano makubwa. Safari ya siku mbili kwa basi, hoteli imelipiwa. Dereva hakuitaka hoteli wala kikombe. Aliitaka ile njia. Kila usiku wa wiki ile alikuwa ameipitia kitandani, kona kwa kona, na asubuhi aliamka amechoka kama mtu aliyeendesha kweli.

Ukumbi ulikuwa wa maktaba, ghorofa ya pili, madirisha makubwa yasiyo na mapazia. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa hesabu, mama mwembamba asiyependa maneno mengi. Asubuhi, mawingu yakiwa yamefunga, alikuwa amepita meza kwa meza akikagua mafungu ya karata chini ya taa. La fundi rangi alilikagua mara mbili, kwa sababu lilikuwa na karata nne za nyuso mbili.

Karata hizo zina matata yake. Karata za kawaida zote zina mgongo mmoja, wa kahawia, ndiyo maana huwezi kujua iliyo juu ya fungu ni ipi. Ya nyuso mbili haina mgongo. Mbele ina sura hii, nyuma ina sura ile, na wakati wake ukifika unaigeuza mezani inakuwa kitu kingine kabisa. Sasa ukiichanganya uchi na wenzake, kila mtu ataiona inakuja. Kwa hiyo sheria inasema hivi: ama fungu zima livae vifuko vya aina moja visivyopitisha mwanga, ama uchomeke kadi mbadala mahali pake, na yenyewe ukae nayo pembeni. Mwalimu alimshauri fundi achukue mbadala, zipo za bure kwenye boksi. Fundi akasema mbadala ni wa timu ya mpira, yeye vifuko vyake ni vizuri, jana tu amevisafisha kimoja kimoja. Mwalimu akavipitisha.

Mchezo wa kwanza alishinda fundi. Wa pili akashinda Dereva. Walipoanza wa tatu, mawingu yakaachana, na jua likaingia kupitia dirisha lililokuwa mgongoni kwa Dereva, likaanguka moja kwa moja juu ya fungu la shemeji yake.

Kwa fundi, upande ule, plastiki ilikuwa inang'aa tu, inamchoma macho. Kwa Dereva ilikuwa habari nyingine. Vile vifuko vyeusi vilikuwa vimepauka, na chini ya weusi, kwenye karata ya juu kabisa, aliona kahawia. Akakaza macho. Kahawia. Fundi akaichukua, na iliyofuata ilikuwa ya buluu.

Katika fungu lile buluu ilikuwa ya aina moja tu: nyuma ya Mlinda Lango, zile karata nne za nyuso mbili.

Dereva akageuza uso akatazama saa ya ukutani. Akatazama rafu za vitabu, akatazama kiatu cha mwamuzi. Macho yakarudi. Alijiambia hajaona. Alijiambia pengine ni kivuli. Mguu ukakanyaga mafuta kwa kasi zaidi hata meza ikaanza kutetemeka, na fundi akamwuliza kama wameshafika mlimani ama bado.

Mkononi Dereva alikuwa na karata moja ya Zuio, ile inayomkataza mpinzani jambo moja tu. Zamu ya fundi ilipofika, akachukua ya juu, halafu akaweka kwanza Jitu la Udongo, zito, la kutisha. Siku nyingine yoyote Dereva angelizuia hapo hapo. Akaliacha lipite. Fundi akainua nyusi zake zenye chokaa. Kisha akamweka Mlinda Lango, na Dereva akatupa Zuio kabla karata haijatulia mezani.

"Una jicho la paka, shemeji," fundi akasema, na akacheka kwa moyo mweupe, kama mtu aliyefurahi kufungwa vizuri.

Kicheko kile ndicho kilichomkata maini. Angelaumiwa, angejitetea. Dada yake alikuwa amekaa viti vya nyuma na mkoba mapajani, akiwashangilia wote wawili bila upendeleo, na Dereva akahisi anatazamwa kisogoni, ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama.

Akaanza kupiga hesabu. Akinyamaza, anashinda. Lakini akimwita mwamuzi aseme vifuko vya mwenzake vinaonyesha, bado anashinda, maana adhabu ya vifuko vinavyopitisha mwanga ni kupoteza mchezo. Njia zote mbili zilikuwa zinampeleka kwenye lile basi, na zote mbili zilikuwa zinapita juu ya mgongo wa mume wa dada yake. Alitamani jua lizame saa nane mchana. Alifikiria kuomba wabadilishane viti, lakini angeulizwa kwa nini. Alifikiria kucheza vibaya makusudi, akaona huo nao ni uongo, tena wa kujipamba.

Zamu mbili zikapita. Alikuwa anaongoza. Fundi akachukua karata, na chini yake ikabaki buluu ya pili, imekaa juani kama kigae kilichooshwa.

Dereva akaweka karata zake kifudifudi na kuinua mkono.

Mwalimu akaja.

"Simama hapa nilipo, mwalimu, uangalie fungu lake," Dereva akasema. "Ya juu ni Mlinda Lango. Na ile ya kwanza niliiona pia. Sikuizuia kwa akili, niliizuia kwa sababu niliiona."

Fundi akatazama fungu lake, halafu akamtazama shemeji yake, halafu akatazama fungu tena. Mwalimu akaifunua ile ya juu. Mlinda Lango. Akaichomoa karata, akakiinua kifuko kitupu dirishani. Kidole chake kilionekana upande wa pili, hata pete. Akauliza vimesafishwa na nini.

"Tina," fundi akasema polepole. Tina, ile ya kuyeyushia rangi. Alisafishia brashi, alisafishia mikono, aliwahi kusafishia kioo cha saa ya mkewe. Haikumpitia akilini kwamba weusi wa kifuko nao ni rangi.

Mwalimu akakirudisha kifuko mezani. Kisha akasema kwamba kosa la kwanza ni la vifuko, na hilo hata yeye ana sehemu yake, kwani alivikagua taani na kuvipitisha. Fundi atapewa onyo tu badala ya kupoteza mchezo, na ataweka kadi mbadala. Kosa la pili ni kuona, kunyamaza na kutumia. Hilo halina onyo.

"Umetolewa," akamwambia Dereva, kwa sauti ya chini. "Ungeniita ulipoiona ya kwanza, huenda wewe ndiye ungekuwa unapanda basi."

"Najua," Dereva akasema.

Fundi hakushangilia. Aliposhikwa mkono na watu alitoa mkono kama anayemshikisha mtu koti. Wakati wanateremka ngazi, alimwambia Dereva kitu kimoja tu, na hakikuwa na utani ndani yake: "Ungeninong'oneza, shemeji. Ningesogeza meza." Dada mtu akawatenganisha kwa kuingia katikati, akashika mkono huu na huu, wakaenda hivyo mpaka nyumbani, watatu.

Jioni walikunywa chai. Fundi alizungusha kikombe, akakiweka, akakizungusha tena. Basi ndilo lililokuwa linamsumbua. Alikuwa hajawahi kusafiri mbali zaidi ya alikopaka rangi nyumba, na aliogopa kupotea. Akakohoa, akasema, bila kumtazama, kwamba aliye na njia hiyo kichwani ni Dereva peke yake.

Dereva akavuta kiti. Akaichora njia mezani kwa kidole kilicholowa chai. Hapa daraja. Hapa basi litasimama dakika kumi, usishuke, watu huachwa. Hapa mlima, tafuna tangawizi. Hapa mizani ya malori, na baada ya mizani barabara inagawanyika, basi linashika...

Kidole kikasimama. Kushoto au kulia. Wiki nzima alipita pale kitandani, na kumbe kila usiku alikuwa anapita bila kukunja kona. Akafumba macho akatafuta kibao, akatafuta kituo cha mafuta, akaona stoo, kidirisha na boliti.

"Basi linajua lenyewe," dada akasema, kumpoza.

Dereva akasema ndiyo, linajua, akanywa chai yote kwa mara moja ikiwa bado ya moto.

Kesho yake hakwenda stoo. Alikwenda yadi ya malori nyuma ya soko, kulikokuwa na gari linapakia saruji, akamwuliza mwenye gari kama ana nafasi. Yule bwana akamwambia dereva anaye, amepungukiwa utingo tu, wa kufunga maturubai na kuweka mawe chini ya matairi.

"Mnapita mizani?" Dereva akauliza.

Akaambiwa wanapita. Akatupa mfuko wake juu ya saruji, akapanda.