Mstari Mmoja kwa Siku

Malori ya kuhamisha makaburi yalikuwa yameshaanza kuondoka, moja nyuma ya jingine, na mshonaji anayakimbilia, kandambili mkononi. Yalibeba wenye majina. Shimo la kona, walikotupwa watu thelathini na mmoja wa ule moto wa soko, mwanawe wa pekee akiwa humo, halikuguswa. Kesho tingatinga lingeingia. Hoteli iliyokuwa ijengwe hapo ilikuwa na haraka.

Msimamizi alimwambia, bila kushuka garini, kwamba asiyeandikwa hahamishwi. Akalete karatasi ya jumba la jiji.

Alifika anahema. Karani wa kumbukumbu alikuwa anatafuna karanga juu ya Kitabu cha Siku, ambamo huandikwa kila jambo kubwa lililolipata jiji. Akafunua tarehe ile, akalamba chumvi kidoleni, akafuata maandishi kwa kidole hicho hicho: Mheshimiwa Meya amezindua chemchemi ya bustani. Basi.

"Na moto?"

"Mama, kanuni ni mstari mmoja kwa siku. Aliyewahi kapata. Chemchemi saa tatu, moto wenu saa sita."

"Watu wameungua, wewe unaniambia walichelewa?"

"Sikuwasha mimi, mama yangu. Mimi nasoma tu."

Mshonaji akamweleza alichokiona kwa macho yake: gari la zimamoto lilivyokuja na king'ora chake, mpira ukavutwa, ukakohoa, ukatoa upepo mtupu. Maji ya mtaa mzima yalikuwa yamefungwa yaende kwenye chemchemi, iruke vizuri mbele ya wageni. Karani akaacha kutafuna. Akatupia jicho mlangoni, akakifunga kitabu taratibu.

"Hilo usiliseme humu. Mistari hiyo miwili haikai ukurasa mmoja."

Akamsindikiza mpaka ngazini, kwa adabu zote, kama mtu anayetoa takataka bila kutaka zimguse.

Tingatinga liliingia saa moja asubuhi. Karani alipandishwa cheo. Sasa ana mtu wa kumfunulia kitabu. Msimamizi alihamia kazi nyingine kama hiyo. Meya alikufa usingizini, akapewa mstari wake, na mtaa wenye jina lake juu. Mshonaji alirudi kwenye cherehani, akapata tenda ya mapazia ya hoteli, vyumba mia na ishirini, akashona, maana njaa haijui kususa. Kifusi cha shimo la kona kilijazia barabara ya uwanja wa ndege. Ni barabara nzuri. Wageni huisifu.