Dume la Kopa

Wivu wa Makarius ulianza siku alipomwona Urbanus akifua karata. Ndiyo, akifua: beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya unga kidogo, karata zote za plastiki zimezamishwa humo kama soksi za shule, na watu wazima wamesimama kuangalia. Mmoja wao alikuwa Debora, mke wa Makarius, na alikuwa anacheka.

Ieleweke kwamba Makarius hakuwa mtu wa wivu wa ovyo. Alikuwa fundi simu pale karibu na stendi ya Kilosa, mtu wa mikono mitulivu, na mke wake alikuwa mwalimu ambaye nusu ya mji ilikuwa imepita darasani kwake. Lakini kwa karata, usimguse. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi alasiri, majirani walikuja kucheza kwenye kibaraza chake, na karata zilizochezwa zilikuwa zake: Tembo Watatu, plastiki mia kwa mia, kama boksi lilivyodai. Boksi lilidai mengi. Karata zenyewe zilikuwa zimelegea katikati, zinanata kama mtu ametoka kula embe, na dume la kopa, lile lenye kopa moja tu, lilikuwa limetafunwa pembe na mbuzi wa jirani. Likiwa mkononi mwa mtu, wachezaji wote walijua liko wapi.

Kisha Urbanus akarudi kutoka Mikumi. Miaka tisa alihudumu kwenye baa ya hoteli moja ya watalii kule, akarudi nyumbani kulima shamba la mama yake Masanze, na ndani ya begi alikuwa na karata alizoachiwa na wageni. Ziliitwa Montesara. Wageni walizichezea poka, na Urbanus alijaribu kuwafundisha majirani, ila poka haikumaliza wiki. Kila mtu na roho yake, hakuna mwenza. Bi Agatha, mkunga mstaafu, alisema huo si mchezo, ni kesi. Wakarudi kwenye albastini yao, wawili kwa wawili, lakini Montesara zikabaki, na mchezo ukahamia kwa Urbanus.

Huku kwetu ishara ni sehemu ya mchezo. Kila wawili wana zao, na kazi ya wapinzani ni kuzibaini. Ya Makarius na Debora ilikuwa hereni. Debora akigusa hereni ya kushoto, maana yake dume la turufu ninalo mimi, cheza bila hofu. Waliibuni mwaka waliooana, hereni zenyewe Makarius alizinunua Morogoro, na hakuna mtu aliyewahi kuibaini. Kwa Makarius ile haikuwa ishara ya karata tu. Ilikuwa kitu pekee duniani walichokijua wao wawili tu.

Sasa kwa Urbanus, wenza walipatikana kwa kura. Jumamosi ya pili kura ikamtupa Debora upande wa Urbanus. Mchezo ukiwa umebana, Makarius aliinua macho akamwona mkewe anagusa hereni ya kushoto. Urbanus alitabasamu, akatupa karata yake kubwa bila kusita, wakashinda. Chai iliyofuata Makarius aliinywa kama dawa ya minyoo.

Nyumbani alimuuliza, tena kwa sauti ambayo hakuipenda mwenyewe. Debora aliendelea kusahihisha madaftari.

"Nilikuwa mwenza wake, Baba Naomi. Ulitaka nifungwe kwa heshima yako?"

Makarius alisema ile ilikuwa ishara yao. Debora akasema lile lilikuwa sikio lake. Mazungumzo yakaishia hapo, ila kwa Makarius ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Usiku na mchana alimwona Urbanus anatabasamu.

Mtu mwenye akili angenyamaza. Makarius alifunga duka Jumatatu, akapanda basi hadi Mikumi kutafuta karata zitakazozidi Montesara. Alizunguka maduka ya barabara kuu, malori ya Iringa yakimpulizia vumbi, akarudi na Jogoo Mwekundu, boksi la rangi ya dhahabu. Kumbe alikuwa amelamba garasa. Zilinuka rangi, ziliteleza hata hazikukaa fungu moja, na wino wa uru ulihamia kwenye vidole vya Bi Agatha, ambaye aliviangalia kisha akamwangalia Makarius.

Ndipo akadai mashindano ya haki. Karata zote zipimwe, kibarazani kwake. Debora alichora jedwali kwenye karatasi ya daftari: unene, pembe, kuchanganyika, harufu, kufuliwa. Wakazipinda na kuziachia waone zipi zinanyooka, wakazimwagia chai, wakazifuta. Montesara zilinyooka kila mara, na chai iliteleza juu yake. Tembo Watatu zilipinda zikabaki hivyo, kama mzee aliyeinama kuokota kitu akasahau ni nini. Kila mmoja akatoa alama kati ya kumi. Makarius alizipa Tembo tisa, macho makavu kabisa. Debora alizipa nne, na Montesara akazipa tisa.

"Mwalimu hana upendeleo," alisema Urbanus.

Wote walicheka, na Debora alicheka zaidi. Nne ile ilimkaa Makarius kooni. Aliona wazi kinachokuja: karata leo, kibaraza kesho, halafu mke wake atakuwa mwenza wa mtu mwingine kila Jumamosi, yeye akitazama sikio lile kutoka upande wa pili. Basi akajitolea, mwenyeji mwema, kuzifua Montesara za mgeni wake. Alizifua vizuri, akazikausha moja moja, na dume la kopa likaingia mfukoni mwa shati. Boksi akamrudishia Urbanus kwa mikono miwili. Dume akalificha kwenye redio ya marehemu baba yake, chini ya betri kubwa, mahali ambapo hakuna mtu mwingine aliyewahi kufungua.

Jumapili baada ya kanisa Urbanus alikuja kuuliza. Makarius alimsaidia kutafuta. Alinyanyua mkeka, alihamisha mtungi, aliingiza mkono hadi kwenye banda la kuku, na masikitiko yake yalikuwa mazuri kuyatazama. Bila dume hakuna mchezo. Itabidi warudi kwenye Tembo, alisema, na kwa kuwa ni kwake, wenza watakaa kama zamani. Debora alikuwa mlangoni, akamtazama mumewe aliyekuwa na manyoya ya kuku kwenye mkono wa shati.

Alhamisi umeme ulikatika. Makarius alirudi kutoka dukani akakuta tochi imetundikwa jikoni inawaka vizuri, akala ugali wake, hakuuliza betri zimetoka wapi.

Jumamosi walikaa: Makarius na Debora, Urbanus na Bi Agatha. Tembo Watatu zikagawiwa, zikinata kama kawaida, na Makarius alijisikia mtu tena. Mke wake alikuwa mbele yake, mahali pake. Wakashinda mchezo wa kwanza, wakafungwa wa pili, wakashinda wa tatu. Mchezo wa nne, turufu ikaangukia kopa, na Makarius alipofungua karata zake alikuta ana dume lenyewe, lile la pembe iliyotafunwa. Kila mtu aliiona ile pembe mkononi mwake.

Debora akagusa hereni ya kushoto.

Makarius alidhani sikio linamwasha. Akatikisa karata zake kidogo ili pembe ionekane vizuri, kumwambia mkewe dume liko huku. Debora akaigusa tena, taratibu, macho yametulia juu yake. Alikuwa anamwambia kwamba dume la kopa analo yeye.

Tochi. Betri za tochi zilitoka kwenye redio.

Akageuka pembeni, akaona jambo baya zaidi: Urbanus, aliyefundishwa ishara ile, alikuwa anatazama hereni. Kisha akatazama pembe iliyotafunwa. Kisha akalaza karata zake mkekani, bila haraka, akasubiri.

Bi Agatha aliuliza zamu ni ya nani.

"Ya Baba Naomi," alisema Debora.

Makarius alilaza dume lake mkekani, pembe iliyotafunwa ikimwelekea Urbanus.

"Ile karata niliiba mimi, Urbanus," alisema.

Debora akatoa Montesara iliyokuwa imejificha ndani ya karata zake, safi, nyekundu, akamkabidhi mwenyewe. Urbanus aliifuta kwenye suruali, akaitia kwenye boksi lake. Bi Agatha alisema chai imepoa. Hakuna aliyeinuka kuipasha.

Debora alivua hereni, moja kisha nyingine, akaziweka kwenye kiganja cha mumewe mbele ya watu wote.

"Ishara hii wanaijua wote sasa," alisema. "Nikikusamehe, tutatafuta nyingine."