Tiketi ya Kumwona Baba Bella

Ijumaa saa saba na robo mchana, Millicent alikuwa jikoni Al Thumama, Doha, akikwangua ukoko kwenye sufuria kubwa ambayo haijawahi kuenea vizuri kwenye sinki tangu siku aliyofika. Wageni wa mchana walikuwa wamekula, wamekunywa chai, wamelala. Madam wake akachungulia mlangoni na kusema anaweza kwenda, bora arudi kabla ya adhana ya Magharibi, maana sanduku lake halijapimwa uzito na Jumapili ndiyo hiyo. Millicent alifuta mikono, akafungua simu na kuitazama tiketi yake tena. Mgeni mmoja. Bila kiongozi. Kuingia saa nane na nusu, mlango wa pembeni, bila kupanga foleni. Nusu saa katika Ukumbi wa Tatu.

Mume wake alikuwa katika Ukumbi wa Tatu.

Githinji alikuwa mlinzi wa Dar al-Khazaf, jumba la sanaa ambalo watu hupanda ndege kuja kuliona, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mitatu. Yeye alikaa Al Rayyan kwenye bweni la kampuni, mke Al Thumama kwa watu. Mapumziko yake yalikuwa Jumatatu, ya mke Ijumaa. Ukihesabu vizuri, katika miaka miwili waliyoishi mji mmoja walionana mara tano, na hiyo ya tano ilikuwa dakika kumi na nane kwenye kituo cha metro cha Al Sadd, wakigawana sambusa mbili. Lakini walikuwa na mpango. Mikataba yao iliisha mwezi mmoja, na Jumapili wangepanda ndege moja kwenda kwa Bella, binti yao wa miaka saba, anayelelewa na nyanya yake Nakuru. Bella alishawatangazia darasa zima kwamba wanakuja wawili.

Shida ni kwamba kila Millicent alipomuuliza mumewe kama ameshapewa ruhusa ya kusafiri, alijibiwa neno moja: tutaongea. Basi akaona afadhali aende akaongee. Foleni ya kawaida Ijumaa hiyo ilikuwa ya saa mbili na nusu, na yeye hakuwa na saa mbili na nusu. Ndiyo maana akachukua tiketi ya kupita foleni, kama watalii.

Foleni yenyewe ilikuwa ya kumwona Githinji.

Mambo yalianza Ramadhani iliyopita, kwenye kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Mlinzi wa ukumbi husimama saa kumi na mbili, haketi, haegemei, na Githinji alikuwa anasimama kati ya mabakuli mawili ya kale ya kauri. Kidole kikawa kigumu, kikang'aa, kikageuka buluu. Msimamizi akamwambia apake mafuta. Kliniki ya kampuni ikaandika: ngozi kavu. Kufikia Agosti miguu, kifua na mikono, karibu yote, vilikuwa kauri safi, yenye zile nyufa nyembamba kama unywele ambazo wajuzi huzipenda mno. Mtaalamu wa jumba alikuja na tochi, akamgonga begani kwa ukucha, akausikiliza mlio na kusema kazi ni nzuri. Uso ndio uliobaki kama mama yake alivyomzaa.

Wakampa namba, K 417, na kibao ukutani: Mlinzi Aliyesimama. Nakuru, karne ya ishirini na moja. Udongo, sare, redio ya mkononi. Kampuni ya ulinzi ilifurahi kupita kiasi, kwa sababu sasa mtu mmoja alilinda na kulindwa kwa wakati mmoja. Mapumziko ya chai yakafutwa, kwa hoja kwamba kitu cha sanaa hakiendi chai. Tangu Septemba halali tena Al Rayyan. Hulala stoo ya jumba, ambako ubaridi hupimwa asubuhi na jioni, na wenzake wa bwenini wamemletea blanketi lake.

Millicent aliyajua haya. Madam wake alimwona Githinji kwenye simu, akampongeza. Millicent aliuliza tu kama wanampa mumewe chakula. Alijua pia kwa nini majibu yake yamekuwa mafupi hivyo: kioo cha simu hakitambui kidole cha kauri, kwa hiyo Githinji huandika kwa ncha ya pua. Tutaongea, kwa pua, si kazi ndogo.

Kwenye mlango wa pembeni alimkuta Scovia, mlinzi Mganda kutoka Mbale, ameshika mashine ya kusomea tiketi.

"Peke yako, nyabo? Hutaki mtu wa kukueleza vitu?"

"Naenda mwenyewe."

Scovia akasoma jina kwenye mashine, kisha akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye Mama Bella. Alisema utavaa viatu vya kanisa."

Millicent akatazama chini. Kweli, vilikuwa vya kanisa.

"Sikiliza, dada," Scovia akasema, sauti chini. "Mlinzi haongei na mgeni. Lakini mgeni akiuliza swali, ni lazima ajibu, hiyo iko kwa kanuni. Uliza ukitazama bakuli, na yeye ajibu akitazama bakuli. Kamera inaona tu. Haisikii."

Ukumbi wa Tatu ulikuwa na watu kama ishirini, wanaongea kwa minong'ono. Githinji alikuwa kati ya mabakuli yake mawili, nyuma ya kamba nyekundu, sare imepigwa pasi, shati limeachwa wazi kifuani ili kauri ionekane, mikono imetoka kwenye mikono ya shati ikiwa ya buluu na inang'aa. Alikuwa amependeza, na jambo hilo lilimuudhi Millicent. Miaka yote hiyo ya ndoa hakuna mtu aliyelipa kumtazama mume wake, na sasa hata yeye mwenyewe amekata tiketi. Akapenya hadi mbele, akasimama kwenye bakuli la kushoto, karibu naye kabisa, na ghafla akaona haya kama msichana.

"Umekula?" akaliuliza bakuli.

"Wali na dengu," Githinji akajibu, macho kwenye bakuli. "Na wewe?"

"Nitakula nikirudi. Bella ameng'oka meno mawili ya mbele."

"Ya juu ama ya chini?"

"Ya juu. Anasema ukifika atakupigia mluzi, ameshajifunza." Akainamia bakuli. "Baba Bella, Jumapili unaenda ama huendi?"

Mama mmoja mwenye kofia alipiga picha ya mkono wa Githinji, akapita.

"Kuna karatasi," Githinji akasema. "Mwezi wa tisa walileta karatasi ya Kiarabu. Msimamizi akasema ni ya kumaliza mkataba, ndiyo nikatiwe tiketi ya ndege. Kila mtu anayeondoka huweka kidole. Nikaweka."

"Kumbe?"

"Kumbe ilikuwa ya kunikabidhi kwa jumba. Kidole gumba ndicho kilikuwa kimebaki na ngozi, Mama Bella. Ni kama walikuwa wanakingojea."

"Pasipoti?"

"Iko kabatini, na makaratasi ya haya mabakuli. Mimi sasa si mtu wa kampuni. Ni kitu cha hapa. Kitu cha hapa hakitoki nchini mpaka bodi ikae, na bodi hukaa mara moja kwa mwaka, mwezi wa tatu. Nimeuliza. Mbele yangu kuna maombi arobaini."

"Na hiyo foleni haina tiketi ya kuipita?"

"Haina."

Sasa Millicent alikasirika. Ungemjua ungeona, kwa sababu aliacha kumwita Baba Bella.

"Githinji. Mimi nimeosha sufuria za watu miaka miwili nikihesabu siku, na wewe unaniandikia tutaongea. Miezi miwili unajua, unaniandikia tutaongea!"

"Niliona aibu," Githinji akasema. "Ningekuandikia nini kwa pua? Kwamba nimetia kidole kitu sijasoma? Mimi, ndiye nilikuwa nakusomea mkataba wako neno kwa neno?"

Hilo lilikuwa kweli. Alimsomea kwa simu mkataba wake wa Al Thumama jioni mbili mfululizo, akiuliza maana ya kila mstari, mpaka ajenti akachoka. Millicent akalikodolea macho bakuli ambalo kusema kweli hakuwa ameliona bado. Lilikuwa na samaki watatu wanaozunguka. Alimpenda huyu mtu, na alikuwa na hasira naye.

"Nibaki?" akauliza.

"Ubaki wapi? Visa yako inaisha Jumatatu. Nenda kwa mtoto."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie baba yuko kazini."

"Hiyo ndiyo tumemwambia tangu akiwa na miaka minne."

Uso wa Githinji, uliobaki wa mtu, ulilowa machozi, na kwa kuwa mikono yake haikunjiki tena vizuri, hakuyafuta. Aliendelea kulitazama bakuli, kwa ajili ya kamera.

Millicent akaliacha bakuli, akamgeukia mumewe, akamtazama usoni mchana kweupe mbele ya watu. Akapitisha mkono juu ya kamba nyekundu na kuuweka kifuani pake, upande wa kushoto, kando ya beji, juu ya kauri tupu. Alidhani patakuwa baridi kama sinki. Palikuwa na joto la kikombe cha chai ambacho mtu amekisahau kidogo mezani. Ndani, mbali, kitu kilikuwa kinagonga.

Kanuni ya kugusa ni maonyo matatu. Baada ya la tatu mlinzi hubonyeza redio, na mgeni hutolewa nje kwa adabu.

"Madam, tafadhali usiguse," Githinji akasema kwa sauti ya kazi.

Mkono haukutoka. Mzee mmoja mtalii, mwenye fimbo, akauliza kama siku hizi inaruhusiwa kugusa. Githinji akamjibu kwa Kiingereza chake kizuri kwamba hairuhusiwi, isipokuwa kwa watu wa ukarabati. Mzee akaridhika, akarudi nyuma hatua moja awaachie nafasi, akawaambia na wengine.

"Madam," Githinji akasema baada ya muda, taratibu zaidi, "tafadhali usiguse."

Onyo la tatu hakulitoa. Walisimama hivyo dakika kumi na moja, huku watu wakizunguka upande wa pili na kusoma kibao. Simu ya Millicent ilipolia kumjulisha kwamba nusu saa yake imekwisha, aliondoa mkono kidole kimoja kimoja.

"Uwe unakula," akasema.

"Nenda salama, Mama Bella. Mwambie apige mluzi kwa simu. Nitausikia."

Akatoka kwa mlango wa kutokea, akamkuta Scovia amebadilishiwa zamu na yupo hapo. Scovia alimpa chupa ya maji na kumwonyesha njia fupi ya kwenda metro, na Millicent alifika Al Thumama sufuria za jioni zikiwa bado hazijaingia kwenye sinki.

Jumapili alisafiri. Kiti cha pembeni yake ndicho kingekuwa cha Githinji, kwa hiyo kilikuwa kitupu, na baada ya ndege kupaa bwana mmoja wa upande wa pili akaomba aweke koti lake hapo. Millicent akamruhusu. Nakuru, Bella alimkimbilia akamkumbatia, akachungulia nyuma yake, kisha akamkumbatia tena.

Nako Doha, wasafishaji wa Ukumbi wa Tatu walikuwa wamekuta alama ya kiganja kwenye kifua cha K 417. Waliifuta kwa kitambaa laini, halafu kwa maji yaliyochujwa, haikutoka. Mtaalamu akaletwa na tochi yake. Akaipima urefu na upana, akasema imo ndani ya kauri, si juu yake, tena imeongeza uzuri. Kibao kikachapishwa upya na mstari mmoja zaidi: Alama ya mkono kifuani, ya baadaye. Msanii hajulikani.

Mwezi wa tatu bodi ilikaa, ikamaliza maombi tisa, ikaahirisha mengine hadi mwaka unaofuata. Foleni ya Ijumaa sasa ni ya saa tatu. Wageni wengi huuliza ule mkono ni wa nani, na Githinji, ambaye ni lazima ajibu, hujibu kila mara kwamba ni wa mke wake, anaitwa Millicent, yuko Nakuru na mtoto. Wageni humshukuru. Wengine hata huandika kwenye vijitabu vyao. Kisha husogea pembeni kusoma kibao, ili wawe na hakika, na kibao kinasema hajulikani.