Goti la Fundi Vigae

Goti langu la kushoto limenivunjia heshima. Nimeweka vigae miaka ishirini na mitatu, na kazi hii hufanywa kwa magoti. Ukimwona fundi vigae amesimama, jua anakula au anadanganya.

Lilipokwama mara ya tatu nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, mwanamke mdogo, mpole mpaka anaudhi. Alinilaza, akaushika muundi wangu, chini ya goti, kwa mikono miwili, akauvuta mbele. Ukaja kama droo. Nilishtuka.

"Uliwahi kuteguka, baba?"

"Zamani. Niliteleza na mfuko wa saruji. Nikachua, likapona."

"Halikupona. Ndani ya goti kuna kano mbili zinazopishana. Ya mbele ilikatika siku ile, ndiyo maana goti linachezacheza." Akanionyesha goti la plastiki: kati ya mfupa wa paja na muundi, vipande viwili vya gegedu, umbo la mwezi mchanga. "Hii ndiyo mito yake. Wa upande wa ndani umeshikiliwa sana, hauwezi kukwepa, basi kila goti likiyumba unasagwa. Sasa umechanika. Kipande kikijikunja katikati, goti linakwama. Unahitaji upasuaji, halafu miezi kadhaa usipige magoti. Usipoziba ufa, baba, utajenga ukuta."

Mimi! Kuambiwa habari za ufa! Kila siku nagonga vigae kwa mpini wa nyundo, na nikisikia uwazi chini nawaambia watu: hiki kitapasuka. Nilielewa kila neno lake, na ndiyo maana nilikasirika. Miezi kadhaa wateja watanisahau, kazi itakuwa ya binti yangu. Nimemfundisha mwenyewe, ana mkono mzuri kuliko wangu, na sikutaka kulisikia hilo kwa mtu yeyote. Mimi naye tulipofika kazini, karatasi ya rufaa niliyopewa hospitali nikaisukuma chini ya ndoo ya gundi.

Tulikuwa tunamalizia bafu la mama mmoja mwalimu. Bafu ni mteremko. Kabla gundi haijashika, fundi hulaza shavu sakafuni, akafumba jicho moja, akatazama kama vigae vinashuka kuelekea kwenye tundu la maji. Pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, peke yake haitoshi. Nilipoanza kuinama, goti likakwama. Nikajishika ukutani mpaka likaachia.

"Baba, nitazame mimi?" binti yangu aliuliza.

"Kwani mimi nimekufa?"

Nikalaza pima maji, nikaisoma nimesimama. Nikasema iko sawa.

Baada ya siku mbili ikaja ndoo. Sisi bafu hatulikabidhi kwa maneno. Ndoo ya maji humwagwa kona ya mbali, mwenye nyumba akiona, na fundi husimama peku penye tundu akiyasubiri. Binti yangu akamwaga. Maji yalikuja mpaka katikati, yakasita, yakageuka kuelekea mlangoni, yakaingia kwenye viatu vya mwalimu.

"Fundi," alisema, "mbona maji yanakuja kwangu?"

Aibu ilinichoma. Nilichukua patasi nivibomoe vigae mwenyewe, nikageuka kwa hasira, na paja likaenda upande wake, muundi upande wake. Nilijikuta nimekaa ndani ya maji yangu, goti limekunjwa, halinyooki.

Binti yangu hakucheka. Angecheka ningepata wa kumgombeza. Alipiga magoti yote mawili, bila kushika ukuta, akalaza shavu sakafuni, akafumba jicho moja.

"Safu tatu tu, baba. Nivunje?"

Nikampa patasi.

"Vunja. Ukimaliza, nitafutie ile karatasi ya hospitali. Iko chini ya ndoo ya gundi."

Aliingiza mkono mfukoni mwa ovaroli, akaitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, alama ya ndoo imekaukia juu yake.

"Niliitoa siku ile ile," alisema. "Nilikuwa nangoja uiulizie."