Siku Tulishangilia Mkojo wa Guka

Miaka yote guka yangu Gerishon, babu mzaa baba, amekuwa akiambiwa ashushe presha. So siku moyo ilimshika kwa shamba kule Ngoliba, tukamkimbiza hosi Thika, mashine ikaonyesha presha imeenda chini kabisa. Tata Waithira, dada ya baba, akapiga makofi.

"Mungu ni mwema! Imeshuka!"

Nesi Musembi akamwangalia vile unaangalia mtu anashangilia nyumba ikiungua. Akatuambia mshipa wa moyo uliziba, wameshaufungua, lakini moyo imechoka, haisukumi damu. Ndio maana kuna pampu kando ya kitanda inamdungia noradrenalini polepole, presha ipande.

"Ipande?" Tata akaruka. "Huyu nimemnyima chumvi tangu nikiwa msichana hadi leo, na wewe unaipandisha na stima?"

Akaendea plagi. Mimi nikakaa chini, mgongo kwa soketi.

"Njau, toka hapo."

"Sitoki, tata. Ukizima, guka anaenda."

"Wee! Nitakutoa na kiatu!" Na ameshaivua. Wamama wa church waliokuja kumwombea guka, huko kwa koridoo, waliskia kelele, wakadhani ni pepo, wakaanza kuikemea.

Musembi hata hakupaza sauti. "Mama, unaishi wapi?"

"Ruiru, floor ya tano. Kwani?"

"Maji inafika?"

Woi, hapo aligusa kidonda. "Ifike wapi! Keateka wa jengo hataki kuwasha pampu ya maji! Mimi nabeba mitungi kama punda, na wale wa chini wanaosha hadi mbwa!"

"Sasa kichwa ya mzee ndio floor ya tano. Figo ziko ya tatu. Bado unataka kuzima?"

Tata akavaa kiatu. "Ongeza!"

"Siongezi ovyo, ikizidi inaumiza moyo."

"Hivyo ndio keateka husema!"

Tukabaki tukikodolea mfuko wa mkojo uliofungwa kando ya kitanda, na mpira wake umetoka kwa guka. Musembi alisema figo zikipata damu tutajua hapo. Mfuko mkavu. Mguu wa guka baridi kama soda. Tata ameushika, anausugua na shuka.

Halafu tone. Lingine. Halafu ikaanza kutiririka.

"Maji imefika!" tata akapiga nduru. Koridoo yote ikalipuka na wimbo wa shukrani.

Guka akafungua jicho moja. "Nani amekufa?"

"Hakuna, guka. Umekojoa."

Akafikiria kidogo.

"Na ndio mnaimba?"